Kwa nini kompyuta mbili zitoe majibu mawili? Historia ya Nextflow

Tuseme una jenomu moja ya kimelea kiitwacho Leishmania infantum. Una programu za kutafuta jeni, na una data ya kuzilisha. Unaendesha kila kitu kwenye kompyuta ya Mac, unapata orodha ya jeni. Halafu unarudia kazi ileile, kwa programu zilezile na data ileile, kwenye mashine ya Linux. Utategemea orodha moja, sivyo? Kompyuta si mpiga ramli, hata ibadili maneno kila ukiiendea.

Mwaka 2017 watafiti wa Barcelona walichapisha jaribio hilohilo katika jarida la Nature Biotechnology, na orodha hazikulingana. Tofauti ilikuwa ndogo, jeni chache tu kati ya zaidi ya elfu saba. Lakini ilikuwepo, na hakukuwa na mtu aliyekosea. Mfumo endeshi ulikuwa mwingine, basi.

Unaweza kusema jeni chache zina shida gani. Kumbuka kwamba ndugu wa karibu wa kimelea hicho, Leishmania donovani, ndiye anayeleta kala-azar huku Baringo, Turkana na Pokot. Mtu anayetafuta dawa mpya huanza na orodha ya jeni. Jeni ikidondoka kwenye orodha kwa sababu tu maabara fulani inatumia kompyuta za aina fulani, hakuna atakayejua kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Makala ile ya 2017 ilikuwa inatambulisha rasmi programu huria iitwayo Nextflow. Ni injini ya mtiririko wa kazi: programu ambayo yenyewe haichambui chochote, bali inaziongoza programu nyingine, ipi ianze, ipi isubiri, ipi ipewe faili gani, na ipi irudiwe ikianguka. Leo maabara nyingi za jenomu zinaitumia. Nataka nikueleze ilivyofika hapo, kwa sababu katika safari hiyo swali lenyewe lilibadilika. Mwanzoni watu waliuliza, "Nitamalizaje kazi hii haraka?" Baadaye wakauliza, "Mwingine akiirudia, atapata nilichopata?"

Tuanze na mashine. Klasta ni kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa mtandao ili zifanye kazi kama moja. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa kituo cha NASA cha Goddard, waliunga kompyuta 16 za kawaida zinazotumia Linux, wakaiita Beowulf. Ilionyesha kwamba huhitaji kununua mashine kubwa ya mabilioni. Kompyuta za dukani na nyaya za mtandao zinatosha. Vyuo vikaiga haraka.

Ila klasta ina watu wengi, kwa hiyo ina foleni. Fikiria zahanati asubuhi: unatoa kadi dirishani, unakaa kwenye benchi, unaitwa. Kwenye klasta dirisha hilo ni programu ya kupanga foleni, kama Slurm au Grid Engine. Unaandika skripti, unaeleza unahitaji kumbukumbu kiasi gani na saa ngapi, unaituma, unasubiri. Kwa kazi moja hakuna tabu. Sasa weka sampuli 200, kila moja ipite hatua nane, na hatua ya tano haiwezi kuanza mpaka ya tatu na ya nne ziishe. Hizo ni kazi 1,600. Nani anazihesabu? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa mwanafunzi mmoja, na skripti yake ndefu ambayo hakuna mwingine anayethubutu kuigusa.

Tatizo la "hiki kisianze kabla ya kile" lilikuwa na dawa ya zamani. Mwaka 1976 Stuart Feldman wa Bell Labs aliandika programu iitwayo Make. Haikuwa ya sayansi hata kidogo. Ilikuwa ya waandishi wa programu waliochoka kusahau faili gani walilibadilisha na lipi halijatengenezwa upya. Unaieleza Make kwamba faili hili linatokana na yale mawili, yenyewe inaangalia saa za mwisho za kubadilishwa, na inafanya upya kile tu kilichopitwa.

Make ina kisa kimoja ambacho kitatufaa mbele. Kila mstari wa amri ndani yake lazima uanze kwa alama ya tabu. Ukiweka nafasi za kawaida, ambazo kwa macho zinafanana kabisa na tabu, inagoma. Feldman aliliona tatizo hilo mapema sana. Lakini tayari alikuwa na watumiaji kama dazani moja, wengi wao marafiki zake, na hakutaka kuwasumbua. Basi akaiacha. Kwa kuwaonea huruma watu kumi na wawili, mamilioni ya watu wamelaani ile tabu kwa karibu miaka hamsini.

Turudi kwenye jenomu. Kuanzia kati ya miaka ya 2000 mashine mpya za kusoma DNA zilishusha gharama vibaya sana, na data ikafurika. Maabara ambayo zamani ilisoma jeni moja sasa ilikuwa na diski zilizojaa. Mwaka 2012 Johannes Köster na Sven Rahmann wa Ujerumani wakachapisha Snakemake, ambayo ni fikra ya Make iliyovikwa nguo za Python na kupelekwa kwenye klasta. Hadi leo inatumika sana, na wapenzi wake hawaambiliki.

Mwaka uliofuata, 2013, Nextflow ikatokea Barcelona, katika Kituo cha Udhibiti wa Jenomu, kwa jina la huko CRG. Mwandishi wake alikuwa Paolo Di Tommaso, mhandisi wa programu katika kikundi cha Cedric Notredame. Kikundi hicho kilikuwa maarufu kwa T-Coffee, programu ya kulinganisha mfuatano wa protini na DNA. Kwa hiyo Di Tommaso hakuwa mtu wa nje aliyekuja kuwaokoa wanabiolojia. Alikaa nao, akaona skripti zao kila siku.

Tofauti ya Snakemake na Nextflow inaeleweka vizuri ukiwaza maandazi. Snakemake inakuuliza, "Unataka nini mwishoni?" Unasema, maandazi mia yaliyoiva. Inarudi nyuma: kuiva kunahitaji kukaangwa, kukaanga kunahitaji yaliyokatwa, kukata kunahitaji unga uliokandwa. Mpango mzima unapangwa kabla jiko halijawashwa. Nextflow inauliza, "Una nini mkononi?" Unga upo? Haya, mkandaji akande, amsogezee mkataji donge la kwanza. Mkataji hasubiri unga wote uishe, anakata alichopewa na kumpa wa karai. Donge la pili linakandwa wakati la kwanza limo mafutani. Hakuna mwenye ramani ya kazi nzima. Kila mmoja anajua tu kwamba kikimfikia kitu mbele yake, anakishughulikia na kukisukuma kwa jirani.

Wataalamu huliita wazo hili mtiririko wa data, nalo si jipya. Mwaka 1974 Mfaransa Gilles Kahn alilielezea kihesabu. Hata kabla yake, mwaka 1964, Doug McIlroy wa Bell Labs aliandika kwamba programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani, na mwaka 1973 Ken Thompson akaweka bomba ndani ya Unix, ile alama ya mstari uliosimama ambayo huenda umeshaitumia kwenye terminali. Kama unajua bomba la Unix, unaijua nusu ya Nextflow. Nusu nyingine ni kulitandaza bomba hilo juu ya kompyuta mia.

Kila hatua ya kazi Nextflow inaiita prosesi, na njia inayopitisha data kati ya prosesi mbili inaitwa chaneli. Ndani ya prosesi unaandika unachotaka: Bash, Python, R, Perl ya mzee aliyestaafu. Kwa maoni yangu hapa ndipo ushindi ulipopatikana. Injini kadhaa za kabla yake zilimtaka mtafiti aandike upya kazi yake kwa lugha yao, au abofye vijisanduku kwenye skrini. Nextflow ilisema leta skripti yako ilivyo, mimi nitaishika mikono. Lakini kwa haki niseme pia kwamba lugha inayoziunganisha prosesi imejengwa juu ya Groovy, lugha ya familia ya Java, na wanabiolojia wengi hawakuwahi hata kuisikia. Malalamiko hayo hayajaisha mpaka leo.

Kuna jambo la pili, dogo kwa sura. Kila kazi inapewa folda yake peke yake, na jina la folda ni mfululizo wa herufi na namba unaokokotolewa kutokana na vitu vilivyoingia: skripti, faili, kontena na kadhalika. Ni kama alama ya kidole. Ukibadilisha herufi moja ya skripti, alama inabadilika. Usipobadilisha kitu, inabaki ileile. Sasa umeme ukatike usiku, kazi ikiwa imefika sampuli ya 143. Asubuhi unaandika amri ileile na kuongeza neno moja, resume. Nextflow inakokotoa alama upya, inazikuta folda zilizokamilika, inaziruka, inaendelea na zilizobaki. Anayefanya kazi mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha haitaji kuelezwa thamani ya neno hilo.

Lina kero zake, usije ukadanganywa. Zile folda hula diski kama mchwa, na usipozifuta msimamizi wa klasta atakutafuta. Isitoshe, alama ya faili hutokana na njia yake, ukubwa wake na saa ya kubadilishwa. Kwenye klasta ambako kompyuta nyingi zinachangia diski moja kwa mtandao, saa hizo wakati mwingine hazipatani, na injini inarudia kazi ambayo ilishafanywa. Ikabidi waongeze hali ya kulegeza masharti, ambayo inatazama njia na ukubwa tu. Mambo kama haya hayaandikwi kwenye makala za majarida, lakini ndiyo hasa maendeleo ya programu huria: mtu analalamika, mwingine anajibu, toleo jipya linatoka.

La tatu ni kutenganisha kazi na mahali inapofanyiwa. Mtiririko uliouandika kwenye kompyuta yako ya mkononi unahamia klasta ya Slurm kwa mstari mmoja kwenye faili la mipangilio. Kesho ukihamia kwa wakodishaji wa kompyuta wa mtandaoni, unabadilisha mstari huohuo. Prosesi zenyewe huzigusi.

Mpaka hapo bado tupo kwenye swali la kwanza, lile la haraka na urahisi. Swali la pili lililetwa na kontena. Machi 2013, mwaka uleule wa Nextflow, Docker ilitolewa kwa umma. Kontena ni kifurushi chenye programu pamoja na kila kitu inachokitegemea: maktaba, matoleo, mipangilio. Ni kama kuhama na jiko lako, sufuria zako na viungo vyako badala ya kutegemea utakavyovikuta ugenini. Mwaka 2014 Nextflow iliongeza uwezo wa kuendesha kila prosesi ndani ya kontena yake. Watu wakaogopa kwamba itapunguza kasi. Mwaka 2015 kikundi cha Barcelona kikapima na kuchapisha katika PeerJ: kwa kazi zinazochukua muda wa maana, gharama ya kontena karibu haionekani.

Kikazuka kikwazo kwenye klasta. Docker ya wakati huo ilimpa mtumiaji njia ya kufikia haki za msimamizi wa mashine, na hakuna msimamizi wa klasta ya chuo mwenye akili timamu angempa kila mwanafunzi funguo za nyumba. Jibu lilitoka Marekani, kwenye maabara ya Lawrence Berkeley, ambako Gregory Kurtzer alitengeneza Singularity, kontena inayoendeshwa na mtumiaji wa kawaida bila haki za ziada. Nextflow ikaipokea. Na katika lile jaribio la Leishmania, kazi ilipowekwa ndani ya kontena na kuongozwa na Nextflow, mashine tofauti zilitoa orodha moja ya jeni. Kile kilichokuwa kikibadilisha majibu kilikuwa maktaba ndogondogo za chini kabisa, ambazo hakuna mtafiti anayeziandika kwenye makala yake.

Kabla hata makala hiyo haijatoka, Waafrika walikuwa wameshaanza kuijaribu. H3ABioNet, mtandao wa bioinformatiki uliounganisha taasisi za nchi nyingi za bara hili, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, ulikuwa na tatizo la kweli. Wanachama wake walikuwa na mashine zisizofanana kabisa: huku klasta kubwa, kule seva moja chini ya meza, kwingine intaneti inayokuja na kuondoka. Agosti 2016 watu wao walikutana Pretoria wakaandika mitiririko minne. Miwili, ya kutafuta uhusiano wa jeni na magonjwa na ya kukisia sehemu za jenomu ambazo hazikupimwa, waliiandika kwa Nextflow. Mingine miwili waliiandika kwa lugha nyingine iitwayo CWL. Yote waliifunga kwenye kontena, na mwaka 2018 wakachapisha walichojifunza katika BMC Bioinformatics. Ukiisoma makala yao utaona kwamba kasi si hoja yao kuu. Walitaka kazi iliyoandikwa Cape Town iendeshwe mahali pengine na mtu ambaye hakuiandika, bila kupiga simu.

Mwaka 2018 mambo matatu yalitokea. Kwanza, Nextflow ikabadili leseni, kutoka GPL kwenda Apache. Zote ni za programu huria, ila GPL inamdai anayesambaza kazi iliyojengwa juu yake aiachie wazi kwa masharti yaleyale, na idara za sheria za makampuni huikimbia. Apache inamruhusu hata mfanyabiashara aichanganye na vyake. Sambamba na hilo waliacha namba za matoleo zinazoanza na sifuri, wakaanza kutaja mwaka na mwezi. Toleo la Oktoba 2018 likaitwa 18.10. Pili, Di Tommaso na Evan Floden wakaanzisha kampuni, Seqera, inayoishi kwa kuuza huduma juu ya injini ambayo yenyewe inabaki bure. Kuna wanaonung'unika kuhusu ndoa hiyo ya umma na biashara. Mimi nadhani bila mshahara wa mtu, injini nyingi za aina hii hufa siku mwandishi wake anapomaliza shahada.

La tatu ndilo ninaloliona kubwa zaidi: nf-core. Phil Ewels wa Stockholm na wenzake wa taasisi nyingine waligundua kwamba kila maabara inaandika upya mtiririko uleule. Wakaanzisha jumuiya yenye masharti: kwa kila aina ya uchambuzi mtiririko mmoja, si kumi, uwe na leseni huria, uwe na data ndogo ya majaribio, upimwe wenyewe kila msimbo unapobadilika, uendeshwe kwa kontena. Walipochapisha maelezo yao mapema mwaka 2020, dunia ilikuwa inaingia kwenye Korona. Miezi michache baadaye mtiririko wao uitwao viralrecon ulikuwa unatumika kuunganisha jenomu za kirusi hicho. Wakati ule swali la kupata majibu yaleyale kwenye mashine tofauti liliacha kuwa la wanazuoni. Aina mpya ya kirusi ikitangazwa nchi moja, jirani alitaka kuwa na hakika kwamba anahesabu mabadiliko kwa namna ileile.

Halafu, Julai 2020, Nextflow ikafanya kile ambacho Feldman hakuthubutu. Lugha yake ya awali ilikuwa na dosari za msingi. Data ikishapita kwenye chaneli moja kwenda prosesi moja, huwezi kuitumia chaneli hiyo tena mpaka uinakili. Wala huwezi kuandika prosesi kwenye faili lake na kuiazima kwa kazi nyingine. Mitiririko ikawa mafaili marefu yenye maelfu ya mistari, yaani tumerudi kwenye skripti ya yule mwanafunzi mmoja. Lugha ya pili, DSL2, iliondoa kasoro hizo: prosesi zikawa vipande vya kuazimana, na nf-core ikajenga ghala zima la vipande hivyo. Kwa muda lugha zote mbili ziliishi pamoja. Safu ya 22.10 ndiyo ya mwisho kuielewa ile ya kwanza. Baada yake ikafutwa kabisa.

Ona basi. Chombo kinachojitangaza kwa kurudiwa kwa matokeo kilifanya mitiririko yake ya zamani isiendeshwe na matoleo yake mapya, ikiwemo iliyotajwa katika makala zilizochapishwa. Feldman aliwahurumia dazani moja, tukabaki na tabu. Hawa waliwasumbua wengi, tukapata lugha safi na rundo la kazi zilizokwama. Nani alifanya vizuri? Nikiangalia ghala la vipande lilivyokua, naegemea upande wa kuvunja. Lakini mimi sikuwa na tasnifu iliyoandikwa kwa lugha ya kwanza.

Waliacha mlango wa nyuma, nao unafanya kazi. Nextflow inajipakua yenyewe, na matoleo ya zamani bado yapo. Kwa hiyo siku utakapokuta mtiririko wa mwaka 2016 unaoutaka kwa utafiti wako, fungua faili kwanza. Ndani ya prosesi, ukiona maneno from na into kwenye mistari ya vinavyoingia na vinavyotoka, hiyo ni lugha ya kwanza. Usihangaike kuirekebisha. Weka NXF_VER=22.10.0 mbele ya amri yako, na injini ya wakati huo itashuka na kuendesha. Kisha angalia kama kontena waliyoitaja ipo bado mtandaoni. Kama mwandishi alitaja toleo la kontena kwa namba, una bahati. Kama aliandika latest, mtumie barua pepe.